Nilivyoenda Ishiara Kumkatalia Mkwe

Tangu nirudi kazini, kila tukikaa kwa chai kuna mtu ananiuliza, "Baba Mutuma, huko Ishiara kulienda aje?" Na kabla nimalize kujibu king'ora kinalia, tunarudi shambani kwa maua. Kwa hivyo wacha niandike yote mara moja, msome kwa simu zenu, mniache ninywe chai. Makosa ya kuandika mtanisamehe. Shule niliachana nayo fomu two, na hata kabla ya hapo hatukuwa tunapendana sana.

Kabla ya kutoka Timau

Niko na vijana wawili. Wa kwanza ni Mutuma, ako darasa la kwanza, na ni jina la baba yangu. Wa pili ni Njeru, anakaribia miaka minne, na ni jina la baba ya mke wangu, Wanja. Hapo kwetu na kwao tunaelewana. Mahali tunaachana ni uzito. Kwetu mtoto akipewa jina la babu, tunashukuru Mungu, tunakunywa chai, tunaenda nyumbani. Kwa kina Wanja huko Mbeere, mtoto akipewa jina la babu, yeye ndiye babu. Mama mkwe akipiga simu hasemi nipe mtoto. Anasema, "Nipe mume wangu." Na mume wake anakuja akiburuta blanketi, makamasi mpaka kwa mdomo.

Sasa, shule zilipofungwa mama mkwe akapiga na habari ingine. Mzee anataka Njeru abaki Ishiara mpaka shule zifunguliwe. Kitinda mimba wao amepata kazi mbali, na boma imebaki na wazee wawili na mbuzi. Mzee anasema nyumba imekuwa kimya sana, anataka wajina wake.

Mimi sikutaka. Njeru hulala akiwa ameshika sikio langu. Si la mama yake, langu. Lakini mkwe unamkatalia aje? Mimi hata kumwangalia Mzee machoni siwezi. Miaka yote nimekuwa nikiongea na kifungo cha pili cha shati yake.

"Nitasema mtoto ako na kifua," nikamwambia Wanja.

"Njeru hana kifua."

"Hii baridi ya Timau, kila mtoto ako na kifua."

"Sasa ukimwambia ni baridi ya Timau, si atakuambia ndiyo maana mtoto abaki Ishiara kwa jua?"

Hapo sikuwa nimefikiria.

"Mwambie ukweli," akasema.

"Ukweli gani?"

"Kwamba ukimwacha utalia."

Nikamwambia mwanaume wa Timau halii. Wakati huo wote Mutuma alikuwa chini ya meza na biskuti, ametulia kama jiwe. Mtoto akitulia hivyo, ujue anarekodi.

Timau mpaka Nkubu: maombi

Gari ilikuwa Probox ya jirani anayebeba kabeji. Aliniachia na sharti moja, nisishushe dirisha la nyuma, kwa sababu likishuka halipandi. Tukapakia viazi, karoti na kabeji za kupelekea wakwe, tukafunga watoto kwa sweta mbili mbili na kofia, na tukaondoka tukinuka kama soko.

Kabla ya Meru mjini Njeru alikuwa ametapika. Mutuma akaona anatapika, naye akatapika, kwa heshima tu. Dirisha nikalishusha. Kutoka hapo upepo wote wa Mlima Kenya ulikuwa ndani ya gari na sisi.

Nkubu tukasimama kwa hoteli moja ya barabarani. Chai, mandazi, na maharagwe kwa mimi. Wanja akamwambia Mutuma aombee chakula, kwa sababu huko shuleni amefundishwa kuomba na hataki kuwacha. Mutuma akafunga macho. Akaombea chai. Akaombea mandazi. Akaombea mwenye gari. Halafu akasema kwa sauti, hoteli yote ikisikia, "Na Mungu, tafadhali usaidie Njeru awe na kifua mbaya sana. Amina."

Hoteli ikasema amina.

Meza ya pili kulikuwa na mama mmoja wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, mkubwa kama mlango. Akageuka. "Mtoto ako na kifua?"

Ningesema hapana. Lakini ningemwambia aje kwamba mtoto anaombewa ugonjwa? Nikasema, "Kidogo."

"Si kidogo. Mtoto mwenzake anaombea mpaka anachanganyikiwa." Akainuka, akafungua sweta ya Njeru, akatoa dawa ya kupaka kwa mkoba na kumpaka kifua chote, shingo yote, mpaka machozi yakamtoka mtoto kwa ile harufu. Kisha akaweka mkono na kuomba maombi marefu, na mhudumu akazima redio kwa heshima. Maharagwe yangu yakapoa yote. Alipomaliza akaniambia, "Baba, na wewe uwache kupeleka watoto kwa baridi."

Tukatoka Nkubu na mtoto ameponywa ugonjwa hakuwa nao, na mimi nimebaki bila kisingizio.

Chuka, Kathwana, na pancha

Daraja la Nithi, lile la ajali, Wanja naye akaomba, hiyo ni kawaida yake. Baada ya Chuka tukakata kushuka Kathwana, na kila kona sweta moja ikatoka. Tukishuka zaidi, kofia. Tukishuka zaidi, viatu. Kufika huko chini kwa joto yenyewe, watoto wangu walikuwa wamebaki na kaptula peke yake, na mimi nimeshika usukani na kitambaa kwa sababu ulikuwa moto.

Hapo ndipo tairi ikapasuka. Tairi ya akiba ilikuwa chini ya viazi, viazi chini ya kabeji. Nikaanza kupakua mboga kando ya barabara, na katika muda mfupi watu wawili walikuwa wamesimama kuuliza kabeji ni pesa ngapi.

Wa tatu alikuja na mbuzi. Alikuwa mzee mwembamba, kofia ya sufu kwa hilo jua, fimbo begani. Alisema anaitwa Nthiga. Akatazama tairi, akanitazama mimi, akaona afadhali aongee na mke wangu.

"Mnaenda kwa nani?"

"Kwa Mzee Njeru," Wanja akasema. "Mimi ni msichana wake."

"Njeru ni jirani yangu, ng'ambo ya mto. Mimi mnanikuta huku kwa malisho. Na hawa ni wako? Huyu mdogo ni nani?"

"Huyo ndiye Njeru."

Yule mzee akatoa kofia. Nawaambia, akatoa kofia, akainama, akamsalimia mtoto wangu wa kaptula kwa mikono miwili. "Njeru. Ulipotea sana. Lakini nimefurahi tumekutana, kwa sababu yule mbuzi wako wa pembe moja bado anaingia kwa shamba yangu."

Njeru akamwangalia. "Nitamchapa," akasema.

"Unasikia?" Nthiga akamwambia Wanja. "Miaka yote nimemwambia Njeru na anakataa. Leo amekubali, na mashahidi wapo hapa." Halafu akanigeukia mimi, mara ya kwanza. "Na wewe mkwe. Kwa nini umemweka Njeru nyuma na viazi?"

"Ni mtoto," nikasema.

"Mtoto ni wewe."

Akasaidia kufunga tairi, kwa kusema ukweli alifunga yeye, na hakuondoka mpaka aone Njeru ameketi mbele kwa mapaja ya mama yake. Mutuma akabaki nyuma na kabeji, akilalamika kwamba hata yeye ni mzee wa mtu.

Ishiara

Mama mkwe alitupokea njiani, mbali na boma. Mimi akanipungia mkono. Njeru akamwinua juu. "Mume wangu, umekonda. Hawa watu wanakulisha nini?"

Mzee Njeru alikuwa amesimama mlangoni na shati ya mikono mirefu, na vifungo vyote vimefungwa. Nikasalimia kifungo. Kisha wakatazamana, Njeru na Njeru. Mzee akavuta kiti chake, kile cha kukunja cha ngozi ambacho hata askofu akija hapewi, akamwekea mtoto. Mtoto akakaa kana kwamba alikuwa ametoka tu kujisaidia akarudi.

Chakula kilikuwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na kuku. Sasa mnajua kuku akichinjwa mkwe akiwepo, firigisi ni ya mkwe. Mimi huwa nasafiri kutoka Timau nikiiwazia hiyo firigisi. Mama mkwe akaileta kwa kisahani peke yake, akapita mbele yangu, nikawa nimeshatoa mkono, akampelekea Njeru. Njeru akaiweka mdomoni, akaitafuna, akaitema kwa mkono wangu uliokuwa bado uko hewani. Nikaila. Msicheke, ilikuwa firigisi nzuri.

Jioni hiyo Mzee alimzungusha Njeru kwa mbuzi mmoja mmoja. Walikuwa wakitembea mikono nyuma, wote wawili.

Asubuhi, baada ya uji wa mwere, yaani mawele, Mzee akasafisha koo. Nikajua ile saa imefika.

"Baba Mutuma," akasema, "mimi si mtu wa maneno mengi. Hii nyumba ukisikia kitu kinaanguka, ni mimi nimeangusha. Nataka Njeru abaki na sisi kidogo. Shule zikikaribia mtamchukua."

Nikajua kisingizio kilikufa Nkubu, lakini mimi nimekiandaa wiki nzima na sina kingine. Nikakiambia kifungo, "Mzee, ni neno nzuri sana. Shida tu ni huyu mtoto, kifua..."

"Guka," Mutuma akamwambia babu yake, mdomo umejaa uji, "Njeru hana kifua. Baba alisema atasema kifua. Ni baba atalia."

Mama mkwe akaokota vikombe ambavyo vilikuwa bado na uji, akaingia jikoni, na tukamsikia huko ndani akicheka akijizuia kwa leso. Mzee hakucheka. Aliangalia kikombe chake. Mimi nilikuwa natafuta shimo.

Wanja ndiye aliniokoa, ama nilidhani hivyo. "Baba," akasema, "hii si maneno ya huyu, wala si yangu. Mwenyewe yuko hapa. Aulizwe Njeru."

Nilijivunia mke wangu. Hata kwa mila yao Mzee hangekataa. Na mimi nilijua jibu. Mtoto anayelala na sikio langu mkononi atabaki wapi?

Mzee akamgeukia wajina wake, taratibu, kama watu wa rika moja. "Njeru. Utaenda na hawa, ama utabaki kwako?"

Njeru alikuwa ameshika kamba ya mbuzi. Akatuangalia, mimi, mama yake na Mutuma, kama mtu anayeangalia wageni waliochelewa kuondoka.

"Hawa waende," akasema.

Siakago, Embu, Kibugu, na kiti kitupu

Neno lilikuwa limesemwa, basi tukaenda. Plani ilikuwa tupitie Kibugu kumsalimia dada mkubwa wa Wanja, Mama Karimi, halafu turudi nyumbani. Tukashika njia ya Siakago. Mahali fulani nikapangusa macho nikasema ni vumbi.

"Vumbi ya lami?" Wanja akauliza. Lakini yeye pia alikuwa anaangalia dirishani zaidi ya vile hiyo barabara inastahili.

Embu mjini tukapiga simu. Mama mkwe akachukua. Nikasema nataka kuongea na Njeru nimtulize, pengine analia. Nikasikia akiita, nikasikia kitu kikijibiwa mbali.

"Anasema ako na kazi," mama mkwe akasema.

Kibugu ni baridi kama kwetu, majani chai mpaka kwa mlango na msitu juu yake, na kwa mara ya kwanza safari yote nilikuwa nimevaa nguo za kutosha. Mama Karimi alikuwa ametengeneza mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa pamoja. Mimi mukimo nakula, mashahidi mko hapo kwa maua. Siku hiyo nilichora mistari na kijiko.

"Mkwe ni mgonjwa?" Mama Karimi akauliza.

"Ako na kifua," Mutuma akamjibu.

Asubuhi nikaona nijishughulishe, nikaomba kikapu nisaidie kuchuma. Nimefanya kazi ya maua miaka mingi, nikafikiri jani ni jani. Mama Karimi alikuja nyuma yangu, akaangalia ndani ya kikapu, akachambua kidogo akitafuta yale majani mawili na chipukizi yanayotakiwa, na hakuyapata.

"Baba Mutuma," akasema kwa upole, "hii umechumia ng'ombe?"

Akaninyang'anya kikapu. Nilikuwa nimesimama hapo kwa mstari bila kazi, simu ikalia. Mzee Njeru mwenyewe. Huyo mtu hajawahi kunipigia simu. Nilishika mti wa chai ndio nisianguke, na mti wa chai ni mfupi, kwa hivyo nilikuwa nimeinama.

"Mzee. Mtoto ako sawa?"

"Ako sawa sana. Shida ni mimi. Mje mmchukue."

"Amelia?"

"Njeru alie kwa nini, ako kwake. Sikiza. Nthiga alikuja hapa jana, maneno yake ni yale yale ya mbuzi wa pembe moja. Njeru akamwambia, basi mchukue. Nthiga akachukua."

"Mzee, huyo ni mtoto. Mwambie Nthiga arudishe."

"Neno la Njeru nilirudishe mimi? Nitakuwa nani?" Akakohoa. "Nikikaa na yeye mpaka shule zifunguliwe, nitabaki na kamba. Kuja Embu leo. Nitamleta mpaka hapo."

Nikatoka kwa majani chai nikikimbia. Mama Karimi anasema nilivunja miti. Nilimwambia Wanja habari ya mbuzi na akasikiliza yote bila kushangaa, akaanza kukunja nguo.

Embu mjini

Tuliwakuta kwa hoteli moja karibu na soko, wameketi upande mmoja wa meza, wakiangalia mlango. Mzee alikuwa amevaa koti na kofia. Njeru alikuwa amevaa kofia ingine ya Mzee, imemfunika mpaka puani, kwa hivyo alikuwa anainua kichwa juu ndio atuone. Mbele yao kulikuwa na soda mbili zimebaki nusu sawasawa.

Nilitaka kumrukia mtoto nimkumbatie, lakini mbele ya mkwe hufanyi hivyo. Nikasalimia kifungo.

"Nimekuletea mzee wako," Mzee akasema. "Amenimaliza."

"Pole sana, Mzee."

"Wanaume wawili wenye sauti kwa boma moja haiwezekani. Mmoja lazima aende, na mimi sina gari."

Wanja akamshika Njeru mkono. Hapo ndipo Njeru akalia. Si kwa furaha ya kutuona, hapana. Alilia kwa sababu tunamchukua. Akashika koti la Mzee na mikono yote, akazungusha kidole kwa kifungo, akasema kesho ni siku ya kupeleka mbuzi mtoni na guka hawezi peke yake. Ilibidi Wanja afungue vidole kimoja kimoja.

Mzee akageuka akaangalia ukuta, mahali kalenda imetundikwa. Akaisoma hiyo kalenda muda mrefu. "Hawa watu wa hoteli," akasema, "wapike na kuni kavu. Moshi inaumiza watu."

Mimi nikaangalia jikoni. Walikuwa wanapika na gesi. Nikasema ni kweli, moshi ni mingi.

Embu mpaka nyumbani

Njeru hakuniongelesha mpaka Runyenjes. Hakuniongelesha mpaka Chuka. Nkubu nikamnunulia mandazi, akala, bado hakuniongelesha. Tukipita Meru mjini nikaona nimuulize kitu cha kiume, pengine atajibu.

"Njeru, kwa nini ulimpa Nthiga mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Yule wa pembe moja."

"Sikumpa." Akaniangalia kama mtu aliyechoka na wajinga. "Ako kwa boma. Mimi na guka tulimfunga asubuhi. Guka alishika, mimi nikafunga."

"Na Nthiga alikuja?"

"Hakuna mtu alikuja."

Nikamwangalia Wanja. Wanja akaangalia mashamba ya watu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Jana usiku nilimpigia mama," akasema. "Nikamwambia haukula mukimo. Nikamwambia umeinuka kitandani ukaenda kukaa kwa gari peke yako. Sasa mama akamwambia baba. Baba naye ungetaka aseme nini? Akuambie anakuhurumia?"

Nikaendesha. Mzee mzima, mwenye kiti cha ngozi, alikaa chini akatunga mbuzi. Mimi nilipeleka uongo wangu Ishiara ukaaibika kwa meza, na wake ulinifikia Kibugu ukiwa umevaa koti na kofia, sikushuku chochote.

Tulipofika Timau jioni nikamuuliza Wanja, sasa nimpigie nimwambie nini? Akasema, "Mpe pole ya mbuzi."

Nikampigia. "Mzee, tumefika salama. Na pole sana kwa hasara ya mbuzi."

"Mbuzi ni mbuzi," akasema. Na hapo nyuma yake, karibu kabisa na simu, mbuzi akalia. Akalia tena. Hakuna kati yetu aliyemsikia.

Nikasema, na sijui nilitoa wapi ujasiri, "Mzee, kama huko ni kimya, huku kuna kelele ya kutosha. Mngekuja mkae kidogo, wewe na mama."

"Timau?" akasema. "Huko kwa barafu?" Kisha nikasikia akivuta kiti. "Hiyo si yangu kuamua. Niulizie Njeru."

Nikampa mtoto simu. Alikuwa bado na ile kofia. Akasikiliza maneno marefu ya Kimbeere, akitikisa kichwa ndani ya kofia, halafu akasema neno moja, "Kuja," akakata simu na kidole gumba, akanirudishia bila kuniangalia.

Wanafika Jumamosi, wote wawili. Mbuzi wameachiwa Nthiga. Kwa hivyo ninachotaka kuuliza ni hiki: kuna mtu hapo kwa maua ako na koti nzito ya mzee wa mabega mapana? Iwe na vifungo vikubwa. Nitahitaji mahali pa kuangalia.